Mtoto wako anapiga hatua? Jinsi ya kufuatilia maendeleo yake tangu kuzaliwa hadi miaka 3

Mtoto wa jirani ana miezi 11 na tayari anatembea. Wako ana mwaka 1 na miezi 2, bado anatambaa, na kila anayepita uani anauliza, "Huyu bado?" Bibi anasema tulia, hata baba yake alichelewa. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Wewe hujui umsikilize nani.

Jibu fupi ni hili. Mtoto wa miezi 14 anayetambaa vizuri, anayejivuta kusimama na kutembea akishika ukuta, mara nyingi yuko ndani ya muda wa kawaida. Mtoto wa umri huohuo ambaye bado hawezi kukaa peke yake anahitaji kuonwa na mtaalamu wiki hii, si mwezi ujao. Wote wawili wataitwa "wamechelewa" na majirani, lakini hali zao hazifanani hata kidogo.

Kumtazama mtoto wa jirani hakutakuonyesha tofauti hiyo. Utaijua ukizifahamu hatua zenyewe, ukiandika tarehe, na ukiwa na mahali pa kupeleka swali lako. Makala hii inakueleza mambo hayo matatu.

Uzito ni sehemu moja tu

Ukienda kliniki kila mwezi, mtoto anapimwa uzito na mstari unachorwa kwenye kadi. Mstari ukipanda, unafurahi. Ukilala au ukishuka, unaelekezwa juu ya chakula au matibabu. Kazi hiyo ni muhimu na usiiache.

Lakini mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri na bado asisikie. Anaweza kunenepa huku upande mmoja wa mwili ukiwa dhaifu. Mzani hauonyeshi hayo. Wataalamu hutenganisha mambo mawili: ukuaji, yaani uzito, urefu na mzingo wa kichwa, na maendeleo, yaani yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya. Maendeleo yana sehemu nne: mwili na mikono, lugha na kusikia, akili na kucheza, na namna anavyohusiana na watu.

Muuguzi anamwona mtoto kwa dakika chache, tena pengine akiwa analia kwa sindano. Wewe, bibi yake au dada anayebaki naye mnamwona kutwa nzima. Nyinyi ndio mnaojua kama anageuka akiitwa na kama anatumia mikono yote miwili.

Kwa nini watoto hawafanani

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya njema katika nchi 5: Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Walitaka kujua mtoto mwenye afya hufikia hatua za mwili akiwa na umri gani. Walichokuta ni kwamba muda wa kawaida ni mpana kuliko watu wanavyodhani.

Kukaa bila kusaidiwa kulianza kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kusimama peke yake, kati ya karibu miezi 7 na miezi 17. Kutembea peke yake, kati ya karibu miezi 8 na miezi 17 na nusu. Aliyetembea mapema na aliyetembea mwishoni wote walikuwa wazima.

Jambo jingine: takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wengine hujiburuta kwa makalio, wengine husimama moja kwa moja. Kwa hiyo mtoto kuruka hatua ya kutambaa peke yake si ugonjwa, mradi anaendelea na hatua nyingine na anatumia pande zote mbili za mwili.

Hata hivyo, upana huo una mwisho. Mtoto akivuka mwisho wa muda bila kufikia hatua, hapo maneno "atatembea tu" hayatoshi tena.

Hesabu umri vizuri kwanza

Wazazi wengi huhesabu kwa kukadiria: "alizaliwa wakati wa kupalilia." Kwa mtoto mdogo mwezi mmoja ni tofauti kubwa, kwa hiyo tumia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Mtoto njiti huhesabiwa kwa namna yake. Mimba kamili ni wiki 40. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8, yaani karibu miezi 2. Akifikisha miezi 8 tangu kuzaliwa, mtarajie afanye mambo ya mtoto wa miezi 6. Endelea kupunguza hivyo mpaka afike miaka 2. Chanjo lakini haipunguziwi: hutolewa kwa kufuata tarehe halisi ya kuzaliwa.

Hatua za kutazama kwa kila umri

Orodha hii inaonyesha yale ambayo watoto wengi huwa wameyafikia wakifika umri uliotajwa. Kukosa jambo moja si hukumu. Kukosa kadhaa, au kukosa moja kwa muda mrefu bila mabadiliko, ni sababu ya kuuliza.

Miezi 2
- Anakutazama usoni na kutabasamu unapozungumza naye.
- Anashtuka au kutulia akisikia sauti kubwa.
- Akilazwa kifudifudi akiwa macho, anainua kichwa kidogo.
- Mikono na miguu yote inachezacheza.

Miezi 4
- Shingo imekaza. Ukimbeba wima, kichwa hakianguki.
- Anafuata kwa macho kitu kinachosogea.
- Anapeleka mikono mdomoni na kushika kitu unachomwekea mkononi.
- Anatoa sauti kama "aaa" na "ooo", na kukujibu ukiongea naye.

Miezi 6
- Anajigeuza kutoka kifudifudi kwenda chali.
- Ukimketisha, anajiegemeza kwa mikono.
- Ananyoosha mkono kufuata kitu anachokitaka.
- Anacheka kwa sauti na kuwatambua watu wa nyumbani.

Miezi 9
- Anakaa bila kushikiliwa.
- Anahamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.
- Anarudiarudia silabi: "bababa", "mamama".
- Anageuka akiitwa jina lake.
- Anaweza kuwaogopa wageni. Hiyo ni dalili njema: anajua watu wake.

Mwaka 1
- Anajivuta kusimama na kutembea akishika kigoda au ukuta.
- Anaokota punje kwa kidole gumba na kidole cha shahada.
- Anapunga mkono kuaga.
- Anaelewa ukimwambia "acha".
- Anamwita mama, baba au bibi kwa neno lake.

Mwaka 1 na nusu
- Anatembea bila kushikwa.
- Anasema maneno 3 au zaidi mbali na mama na baba.
- Anaonyesha kwa kidole kitu anachotaka ukione.
- Anafuata agizo dogo bila ishara ya mkono, kama "lete kiatu".
- Anaiga kazi za nyumbani, kama kufagia au kukoroga.

Miaka 2
- Anakimbia na kupiga mpira teke.
- Anaunga maneno mawili: "mama njoo", "taka maji".
- Ukimwuliza pua iko wapi, anaonyesha.
- Anakula kwa kijiko, hata kama anamwaga.

Miaka 3
- Anaongea kiasi kwamba hata mgeni anamwelewa mara nyingi.
- Anauliza "nani", "wapi", "nini".
- Anavaa baadhi ya nguo mwenyewe.
- Anacheza na watoto wenzake, si kando yao tu.

Kama nyumbani mnatumia lugha mbili, kwa mfano Kisukuma na Kiswahili, hesabu maneno ya lugha zote mbili. Mtoto anayesema neno 1 la Kiswahili na 3 za Kisukuma ana maneno 4. Kusikia lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kuongea, kwa hiyo bibi asizuiwe kuzungumza naye lugha ya kwao.

Dalili ambazo hazisubiri

Mpeleke mtoto kituo cha afya, usingoje siku ya kliniki, ukiona mojawapo ya haya:

- Alikuwa anaweza jambo na sasa ameacha. Alikuwa anakaa, hakai tena. Alikuwa na maneno, yamepotea. Hii ni dalili nzito kwa umri wowote.
- Mwili ni mlegevu sana kama kitambaa, au umekakamaa hata kumvalisha ni shida.
- Hajafikisha mwaka 1 lakini tayari anatumia mkono mmoja tu, mwingine ameukunja ngumi. Watu husema ni "mtu wa mashoto". Katika umri huo huenda upande mmoja ni dhaifu.
- Miezi 3 imepita na hatabasamu, au macho hayafuati kitu.
- Miezi 4 imepita na shingo haijakaza.
- Miezi 9 imepita na hawezi kukaa, au hatoi sauti za silabi.
- Mwaka 1 umepita na hageuki akiitwa, hapungi mkono, haonyeshi anachotaka kwa ishara yoyote.
- Miezi 18 imepita na hatembei, au hana neno hata moja.
- Miaka 2 imepita na haungi maneno mawili.
- Kichwa kinakua haraka kuliko mwili, utosi umevimba, au macho yanatazama chini muda wote. Kichwa kikubwa hutibiwa kwa upasuaji, na kuchelewa huumiza ubongo.
- Anajikunja ghafla mara nyingi mfululizo kama anayeshtuka, hasa akiamka usingizini. Hii inaweza kuwa aina ya kifafa cha watoto wachanga.
- Mboni ya jicho inaonekana nyeupe. Wakati mwingine huonekana kwanza kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Nenda siku hiyohiyo.

Watoto walioanza maisha kwa shida wafuatiliwe kwa karibu zaidi: njiti, aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali siku za mwanzo, aliyepata degedege, au aliyeugua uti wa mgongo au malaria kali iliyofika kichwani. Watoto wengi wa aina hiyo hukua vizuri, ila hatari yao ya kupata mtindio wa ubongo, kifafa au kupoteza usikivu ni kubwa kuliko ya wengine.

Chunguza nyumbani bila kumchosha

Chagua wakati mtoto ameshiba, hajasinzia na hana homa. Tandika mkeka. Cheza naye tu, usimfanyie mtihani.

Kusikia: Mtu ampakate mtoto akiwa mtulivu. Wewe simama nyuma yake upande mmoja, umbali wa karibu mita 1, asikuone. Tikisa taratibu kopo lenye maharage, au mwite kwa sauti ya kawaida. Kuanzia miezi 6 hivi, atageuza kichwa kutafuta. Rudia upande wa pili. Usipige makofi karibu na sikio, kwa sababu anaweza kuhisi upepo badala ya kusikia. Mtoto asiyesikia naye hutoa sauti miezi ya mwanzo, kwa hiyo usitulie kwa sababu tu "anapiga kelele". Jaribio hili haliwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha hospitali. Kazi yake ni kukuambia kama unahitaji kwenda.

Kuona: Sogeza kitenge chenye rangi kali polepole mbele ya uso, karibu shibiri moja na nusu kutoka machoni. Mtoto wa miezi 3 anakifuata. Jicho likiendelea kwenda upande baada ya miezi 4, mwonyeshe mtaalamu.

Mikono: Weka kifuniko cha chupa katikati, kisha kulia, kisha kushoto. Angalia kama anatumia mikono yote.

Kuelewa: Ficha kijiko chini ya khanga mbele ya macho yake. Mtoto wa karibu miezi 9 hadi mwaka 1 ataifunua khanga akitafute.

Andika tarehe, tumia simu

Kumbukumbu ya kichwani hudanganya. Ukiulizwa kituoni "alikaa lini?", utasema "miezi kama saba hivi", na huenda ilikuwa 10. Tarehe iliyoandikwa humsaidia daktari kujua kama mtoto anaenda taratibu au amesimama.

Njia ni rahisi. Chukua daftari dogo, uliweke pamoja na kadi ya kliniki. Kila jambo jipya andika mstari mmoja: tarehe, umri, alichofanya. "Machi 4, miezi 8, amekaa peke yake kwenye mkeka." Basi.

Kama una simu ndogo ya kubonyeza, andika ujumbe mfupi na ujitumie mwenyewe au umtumie mzazi mwenzako. Tarehe itabaki hapo. Kama una simu janja, piga video ya sekunde 20 mara moja kwa mwezi, mtoto akiwa kwenye mkeka: anavyogeuka, anavyokaa, anavyoshika kitu, anavyoitika. Video ni msaada mkubwa kwa sababu watoto wengi wakifika kituoni hulia na kukataa kila kitu. Akipata mshtuko au kujikunja kusikoeleweka nyumbani, mlaze kwanza kwa ubavu mahali salama, na mwenzako apige video. Daktari akiiona ataelewa zaidi ya maelezo ya mdomo.

Baba aliye mbali kikazi naye atumiwe video hiyo. Akiona mwenyewe kwamba mtoto hajakaza shingo, nauli ya hospitali hutafutwa haraka.

Pengo baada ya miezi 18

Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9, na miezi 18 hupata chanjo ya pili ya surua na rubella. Baada ya hapo familia nyingi huiweka kadi kabatini. Sindano zimeisha, mtoto anatembea, shamba linasubiri.

Hapo ndipo pengo linapoanza. Kati ya miezi 18 na miaka 3 ndipo lugha inapotakiwa kuchanua, na ndipo matatizo ya kusikia, ya lugha na usonji yanapoonekana wazi zaidi. Mtoto asiyepelekwa kliniki katika kipindi hiki anaweza kufika darasa la awali bila mtu kugundua kwamba hasikii vizuri. Mwalimu atamwita mkaidi, na atachapwa kwa kosa la masikio.

Kliniki ya mtoto ni mpaka miaka 5. Kuna kupimwa uzito, matone ya vitamini A kila miezi 6 na dawa za minyoo. Tumia safari hizo kuuliza pia juu ya maendeleo. Kama kituo ni mbali, angalau siku ya kutimiza miaka 2 na siku ya kutimiza miaka 3 ziwe siku za kupitia orodha iliyo hapo juu, mstari kwa mstari.

"Amebemendwa" na maneno mengine

Sehemu nyingi za Tanzania, mtoto anayedhoofu na kuchelewa kutembea husemwa amebemendwa: eti wazazi wamekutana kimwili akiwa bado ananyonya, au mmoja ametoka nje ya ndoa. Mama hubeba lawama. Akiogopa maneno ya foleni, humficha mtoto ndani, na kadi hukaa miezi bila kupigwa muhuri.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama. Mtoto anayeitwa amebemendwa mara nyingi ana utapiamlo, ugonjwa wa muda mrefu kama kifua kikuu au VVU, tatizo la moyo, au tatizo la ubongo lililoanza kabla au wakati wa kuzaliwa. Mengi kati ya hayo yana matibabu. Kilicho kweli ni kwamba mimba nyingine ikija haraka, mtoto huweza kuachishwa ziwa kabla ya wakati na kukosa lishe. Hilo ni suala la uzazi wa mpango na chakula. Si la aibu.

Wengine husema mtoto wa kiume huchelewa kuongea. Tofauti ndogo ipo, lakini mvulana wa miaka 2 asiyeunga maneno anahitaji kuangaliwa sawasawa na msichana. Wapo wanaosema kubebwa mgongoni humlemaza mtoto. Hapana, mradi apate pia muda wa kucheza kwenye mkeka. Na wapo wanaomkata mtoto kilimi au kumchanja usoni ili aongee au apone. Hayo hayasaidii kuongea, na yanaweza kuleta damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine.

Ukifika kituoni, sema nini

Usisubiri uulizwe. Mwambie muuguzi au daktari: "Nimekuja kwa sababu ya maendeleo ya mtoto, si homa. Ana miezi 10 na hakai. Nimeandika hapa." Mpe daftari na kadi, mwonyeshe video. Taja pia namna alivyozaliwa na magonjwa aliyowahi kuugua.

Ukiambiwa "subiri, bado mdogo", huenda ni sahihi. Lakini uliza maswali mawili kabla ya kuondoka: "Nisubiri mpaka tarehe gani?" na "Akifika tarehe hiyo bila kufanya hivi, niende wapi?" Yaandike majibu. Kusubiri kwenye tarehe ni ufuatiliaji. Kusubiri kusiko na tarehe ndiko kunakopoteza mwaka mzima.

Kama tatizo linahitaji mtaalamu, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambako waulize kuhusu huduma za utengamao, ikiwemo fiziotherapia, na kuhusu kipimo cha masikio na macho. Hospitali kubwa kama CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi zina huduma za namna hiyo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hufanya upasuaji wa kichwa kikubwa. Kisera, huduma kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali Tanzania hutolewa bila malipo, kwa hiyo gharama utakayopanga mapema zaidi ni nauli na chakula cha safari. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chako anaweza kukuelekeza pa kuanzia.

Mtoto kukutwa na tatizo si mwisho wa safari. Mwenye mtindio wa ubongo akifundishwa mapema kukaa na kula vizuri hupata nafuu ya kila siku. Asiyesikia akianzishiwa lugha ya alama au kifaa cha kusikia mapema, hupata lugha katika umri ambao ubongo unaipokea kwa urahisi. Kinachookolewa hapa ni muda.

Mambo madogo yanayomsaidia kila mtoto

Huhitaji kununua kitu. Unapopika, mpe kifuniko na kijiko cha mbao. Unapomwogesha, taja viungo vyake. Ukienda kisimani naye mgongoni, mwambie mnachokiona: mbuzi, jua, baiskeli ya babu. Akitoa sauti, mjibu kama mtu anayeongea nawe, kisha mwachie nafasi naye ajibu. Kwa mazungumzo hayo ndiyo mtoto hujifunza lugha.

Mtandikie mkeka kila siku. Mlaze kifudifudi kwa dakika chache akiwa macho na mtu akimwangalia. Hapo shingo na mgongo hupata nguvu. Wakati wa kulala, mlaze chali. Usimwache ndani ya beseni lililozungushiwa khanga kutwa nzima, kwa sababu huko hajifunzi kujigeuza wala kujivuta. Na kwa aliye chini ya miaka 3, maharage, karanga na punje za mahindi zisibaki mikononi mwake bila mtu: humkaba.

Baba naye acheze na mtoto. Kaka na dada waimbe naye. Akijaribu jambo jipya akaanguka, mpigie makofi kwa kujaribu.

Anza leo

Toa kadi ya kliniki, uhesabu umri wa mtoto kwa miezi. Soma orodha ya umri wake, kisha ya umri unaofuata. Andika mstari wa kwanza kwenye daftari au kwenye simu. Kama kuna dalili isiyosubiri, panga safari kesho asubuhi.

Hifadhi ukurasa huu kwenye simu ili uusome hata ukiwa huna bando, na umsomee yule anayebaki na mtoto mchana, awe bibi, dada au jirani. Pengine yeye ameshaona jambo siku nyingi, ila hakujua kama ni la kusema.